Nilivyojiandaa Kwenda Newala

Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, nilipangiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki kumi katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Sisi tuliyaita "fildi", na hadi leo wanafunzi huyaita hivyo. Nilikuwa nasomea mambo ya ushirika, na kazi niliyopewa ilikuwa kusaidia vyama vya msingi kujiandaa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao ulikuwa uanze kutumika katika korosho msimu wa 2007/08. Wenzangu walinicheka. Kwao Mtwara ulikuwa mwisho wa nchi. Mimi nilifurahi, kwa sababu mama yangu ni mtu wa Newala, na kwa watu wa upande ule, ambao huhesabu ukoo kwa mama, nilikuwa mwenyeji hata kama nilikuwa sijawahi kulala huko usiku mmoja.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Nilikuwa na barua ya utambulisho, daftari la kuandika kazi za kila siku, kikokotoo, chandarua na viatu vya safari. Nilisoma Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2003 na Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, nikazipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Fedha za kujikimu zilitoka Bodi ya Mikopo, ambayo wakati ule ilikuwa changa, maana ilianza kazi mwaka 2005.

Jambo la mwanafunzi wa chuo kwenda kazini lina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, mhandisi Herman Schneider alianza mwaka 1906 kuwapeleka wanafunzi wake viwandani kwa zamu: kipindi darasani, kipindi karakanani wakiwa na mshahara. Mwaka huohuo wa 1906 Mjerumani Karl Weule alikuwa Masasi na Newala na mashine yake ya kunasa sauti, akirekodi nyimbo za watu waliokuwa wametoka tu katika vita vya Majimaji. Hayo mawili hayahusiani hata kidogo. Nayataja kwa sababu yalinijia pamoja maktabani, nami nikajiona msomi.

Kwetu Tanzania jambo hili lilikuja kwa njia nyingine, tena kwa ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo pale Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo ingewafanya watumikie miaka miwili, muda mwingi wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400 siku hiyohiyo, na yeye mwenyewe akapunguza mshahara wake. Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Vijana waliomaliza kidato cha sita wakatakiwa wafanye kazi kwanza ndipo wafikiriwe kuingia Chuo Kikuu, tena wakiwa na maoni ya mwajiri na ya chama. Maana yake, kabla ya kusoma, watu waliokuona ukifanya kazi ndio waliosema kama unafaa. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, na sisi wa 2007 tulikuwa tukipimwa na msimamizi mmoja mwenye fomu. Sisemi Azimio lilikuwa jema lote. Liliwachelewesha wengi, hasa wasichana. Lakini swali lake, yaani nani anayestahili kusema kwamba unafaa, nilikutana nalo tena Newala.

Wiki moja kabla ya safari nilifikia kwa mama Mbagala, Dar es Salaam, na nikamkuta mjomba, kaka yake mkubwa, aliyekuja kutibiwa macho. Mjomba alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima hadi mwaka 1976. Nilimwonyesha sheria zangu zenye mistari myekundu. Alizishika, akazirudisha bila kufungua.

"Mpwa, mizani wamekufundisha?"

Nikamwambia mizani siyo kazi yangu, kazi yangu ni mfumo.

"Basi hujajiandaa," alisema.

Siku nne zilizofuata alinifundisha mizani ukumbini mwa mama, kwa maneno tu na kwa kiroba cha mchele. Tazama mshale kabla ya mzigo kupanda. Tazama mizani imekaa juu ya nini. Uliza gunia tupu lina uzito gani na ni kiasi gani kinakatwa kwa ajili yake, maana hapo ndipo robo za kilo hupotelea. Mwache mkulima asimame upande anaouona mshale, hata kama karani atasema anabanwa. Soma kwa sauti. Andika mbele yake. Halafu akanieleza habari za kangomba, yaani mlanguzi anayepita mashambani na bakuli lake kununua korosho kabla ya msimu, kwa mtu mwenye njaa au mgonjwa ndani. "Huyo naye ni mwizi," alisema, "lakini analipa palepale. Usiende kuwacheka wanaomuuzia."

Nilitaka anieleze zaidi, naye akanieleza, ingawa si kwa mpangilio. Miaka ya mwanzo ya sabini kusini kulivunwa korosho nyingi sana. Msimu wa 1973/74 nchi nzima ilipata zaidi ya tani 140,000, nyingi zikiwa za mikoa ya Mtwara na Lindi. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye mikorosho yao na kuwapanga kando ya barabara. Yeye mikorosho yake ilibaki mwendo wa saa mbili kwa miguu. Pori likaingia, moto ukafuata. Mei 1976 Serikali ikavunja vyama vya ushirika, kijiji kikawa ndicho chama, na korosho zikauzwa kwa Mamlaka ya Korosho. Mjomba alikabidhi leja na funguo mchana mmoja. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaja ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua kama yaliyomwagiwa unga. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na dawa ya salfa ikarudisha maua, ila vyama vilivyorudi havikuwa vilevile. Mjomba aliuza korosho kwa mkopo kwenye chama kimoja ambacho sitakitaja. Hakulipwa.

"Walinipa karatasi," alisema. "Unajua iliitwaje? Stakabadhi."

Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara mia, na sikuwahi kufikiri kwamba kwa mtu mwingine lingeweza kuwa jina la deni.

Nilisafiri Julai. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado cha vumbi na mashimo, na tuliingia Masasi usiku, majabali yake yakiwa meusi kando ya mji. Huko nilijiandikisha, nikakaa wiki mbili kwenye vyama vya upande wa Lukuledi, kisha nikapanda Newala. Kule juu hakuna mto. Maji hutoka mabondeni, na nyumba niliyofikia waliyahesabu kwa ndoo. Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa. Alfajiri mashine zilinguruma mashambani, na kila kitu kilinuka kiberiti, hata ugali.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Kitangari. Nilieleza mfumo vizuri, nadhani. Mkulima analeta korosho chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa madaraja. Chama kinazipeleka ghala kuu. Mwenye ghala anatoa stakabadhi, benki inakopesha kwa dhamana ya stakabadhi hiyo, na mkulima anapata malipo ya awali. Wanunuzi wanaleta bei zao kwenye bahasha, zinafunguliwa mnadani, mkopo unalipwa, na kinachobaki kinarudi kwa mkulima kama malipo ya pili.

Bibi mmoja akainua mkono. "Mjukuu wangu, korosho zisiponunuliwa, benki italipwa na nani?"

"Na chama, bibi."

"Chama ni nani?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa, tena kwa fahari: "Chama ni nyinyi wanachama."

Walicheka sana. Mwenyekiti naye alicheka. Bibi hakucheka; alikaa chini akafunga kanga yake upya. Nilikuwa nimemwambia kwamba hasara ikitokea ni yake, na nilikuwa nimetumia saa nzima kumwambia kwamba faida ni yake. Yote mawili ni kweli. Sheria nilizozipigia mistari hazikunipa jibu jingine, na mpaka leo silioni. Msimu wa 2011/12 wanunuzi walipokwepa bei, yalikuwa ni malipo ya pili yaliyokosekana, na Aprili 2013 kule Liwale, mkoani Lindi, nyumba zilichomwa moto kwa sababu hiyo. Kila nikisikia habari hizo namkumbuka bibi yule. Na haki niiseme pia: mfumo huo umewapa wakulima wengi bei ambayo kangomba hakuwahi kuifikiria, na mwaka 2024 minadani bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Baada ya mkutano niliacha kuhutubia. Nilimwomba katibu wa chama atoe mizani ghalani, ingawa korosho zilikuwa bado maua. Tulipima gunia tupu mbele ya watu, tukapima jiwe, tukalipima tena. Mizani ilizidi nusu kilo bila mzigo. Hakuna aliyesema neno, na katibu mwenyewe ndiye aliyeleta bisibisi. Bibi yule alisogea upande wa mshale akasoma namba kwa sauti. Fomu ya msimamizi haikuwa na nafasi ya kuandika habari hiyo, kwa hiyo niliiandika pembeni.

Kabla ya kurudi chuoni nilikwenda kumwaga mjomba, ambaye alikuwa amesharejea nyumbani. Alinionyesha kopo la zamani la maziwa ya unga alimoweka stakabadhi zake za chama kile, zimekunjwa, wino umegeuka kahawia. Nilipomtembelea tena miaka miwili baadaye, stakabadhi yake ya msimu wa 2007/08 nayo ilikuwa humo, wakati malipo yake yote mawili alishayapata. Nilimuuliza kwa nini ameichanganya na zile. Akasema kopo lilikuwa bado lina nafasi.