Saini si sahihi

Kwenye karatasi, saini na sahihi ni kitu kimoja, kamusi haikosei. Barua pepe ndiyo iliyoyatenganisha maneno haya. Jina, cheo na nembo chini ya ujumbe wa ofisi ni saini tu: tapeli hunakili vyote kwa dakika moja. Sahihi, neno tulilolipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kweli, liachiwe DKIM, muhuri usioonekana wa barua pepe: seva hutia alama kwa ufunguo wa siri, mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi uliomo kwenye DNS, sajili ya mtandaoni ya kikoa. (Nayo huthibitisha kikoa, si mtu.) Mtasema watu watazidi kuyachanganya. Wachanganye, Gmail haichanganyi. Tangu Februari 2024, atumaye barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail hudaiwa DKIM, si nembo.