Mafuta ya petroli na dizeli, msamaha wa VAT kwa

Petroli na dizeli zimo katika jedwali la bidhaa zilizosamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) chini ya Sheria ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 1, 2015. Bidhaa nyingi nyingine hutozwa asilimia 18. Msamaha huo hauyafanyi mafuta yasilipiwe kodi. Serikali huyatoza kwa lita, kupitia ushuru wa bidhaa na tozo kadhaa, ikiwemo ile inayoingia Mfuko wa Barabara, ambayo mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Kwa hiyo anayeusifu msamaha kwa sababu unashusha bei anausifia jambo dogo. Uzito wake uko kwingine: unamkinga mnunuzi aliye mbali na bandari asilipe kodi kubwa zaidi kwa sababu tu ya umbali wake.

Kata ya Mwakitolyo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, inalionyesha jambo hili vizuri. Ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, na pale ambapo umeme haujafika au hautoshi, dizeli na petroli ndizo zinazovuta maji kutoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kuendesha kompresa na kuzungusha makarasha yanayosaga mawe. Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000 kwa barabara, na bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza kila mwezi huongeza gharama ya usafirishaji kulingana na mahali. Ushuru wa lita ni uleule Kurasini, jijini Dar es Salaam, na Mwakitolyo. VAT isingekuwa hivyo, kwa kuwa asilimia hupigwa juu ya bei nzima, nauli ya lori ikiwemo. Tuseme usafiri umeongeza shilingi 150 kwa lita: asilimia 18 ya hizo ni shilingi 27 zaidi, zinazotozwa kwa kosa la kuishi bara. Kenya imekwisha kuipita njia hiyo. Sheria yake ya 2013 iliyasamehe mafuta kwa muda, muda ukaongezwa, kisha Septemba 2018 VAT ya asilimia 8 ikaanza kutozwa baada ya mvutano mkali kuhusu asilimia 16; Julai 2023 ikafika 16. Matokeo yake, mnunuzi wa Mandera, ambako bei ya pampu huwa juu kuliko Mombasa, hulipa VAT kubwa zaidi kwa lita ileile. Isitoshe, bei ya dunia ikipanda, kodi ya asilimia hupanda nayo. Mwaka 2022 bei zilipolipuka, Tanzania ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. VAT ingekuwepo, ingeuchochea mlipuko huohuo.

Wapo wanaopinga kwamba msamaha unawanufaisha matajiri wenye magari makubwa, na kwamba VAT ingekuwa ya haki kwa sababu kila mtu angelipa kadiri anavyotumia. Hoja hiyo inasahau jinsi VAT inavyofanya kazi. Kampuni iliyosajiliwa hudai kurejeshewa kodi iliyolipa kwenye pembejeo, na migodi mikubwa kama Bulyanhulu au Geita ingekuwa ya kwanza kudai. Tangu 2023 usajili ni lazima kwa mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Wenye duara dogo na waendesha bodaboda hawafiki huko, hivyo kodi ingewaishia wao mikononi. Na anayetumia lita nyingi tayari analipa ushuru mwingi, bila haja ya asilimia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka upande wa pili, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Ikiwa haki ndiyo hoja, kwa nini dizeli ya pampu ya maji, isiyogusa lami kamwe, ilipe tozo ya barabara? Migodi mikubwa ilipewa nafuu ya tozo hiyo kwa mikataba, hadi Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyoipitia sekta ya madini, ikapendekeza mwaka 2008 nafuu hiyo ifutwe. Mchimbaji mdogo hakuwahi kupewa. Hata hivyo, kuweka dizeli ya bei mbili ni kukaribisha uchakachuaji. Mafuta ya taa yaliachwa yakitozwa kidogo, yakachanganywa na dizeli kiasi kwamba mwaka 2011 ushuru wake ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, na mzigo ukamwangukia anayewasha kibatari. Vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta husaidia kumkamata mwizi, lakini baada ya wizi.

Njia iliyo salama zaidi ni marejesho yanayopitia masoko ya madini. Mwaka 2019 Bunge liliwaondolea wachimbaji wadogo VAT na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye madini wanayouza, na masoko yakaanzishwa ili kila gramu iandikwe. Kumbukumbu hizo zinaweza kutumika kukadiria mafuta yaliyotumika kuzalisha dhahabu hiyo, na sehemu ya tozo ikarudishwa kwa kiwango kimoja kwa gramu, bila kuulizwa risiti za vidumu. Asiyeuza sokoni hatapata kitu, na aliyetorosha dhahabu atakuwa amejinyima mwenyewe marejesho.