Kabla Hujachagua Utaalamu, Uliza Ulizaliwa na Shida Gani

Wiki iliyopita dada yangu mkubwa alikuja nyumbani Kariandusi akiwa na fomu ya kuomba digrii ya pili. Ni nesi, ako na miaka saba kazini. Fomu inamtaka achague njia moja tu: wagonjwa mahututi, ukunga, watoto au afya ya jamii. Mathe anasema ukunga. Marafiki zake wa kazini wanasema wagonjwa mahututi, eti ndiyo inalipa ng'ambo. Halafu akaniuliza mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili! Nilicheka, lakini nikaenda kusoma historia. Nimerudi na maoni.

Tuanze hapa kwetu. Ukiingia makumbusho ya Kariandusi utaona mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey alianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Mengine ni ya lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Kifaa kimoja, kazi nyingi: kuchuna ngozi, kukata nyama, kuchonga mti.

Nesi wa Kenya ametengenezwa hivyo hivyo. Zamani uuguzi wa kawaida, ukunga na afya ya jamii zilikuwa kozi tofauti. Baadaye zikaunganishwa, tukapata nesi wa afya ya jamii anayefanya yote. Sababu ni rahisi. Zahanati ya kijijini inaweza kuwa na nesi mmoja tu. Mama akija kujifungua saa nane usiku, huwezi kumwambia hiyo si kozi yako.

Sasa utaalamu ulitoka wapi? Ulitokana na shida. Mwaka 1965 huko Colorado, Marekani, nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya manesi wa kupima na kutibu watoto, kwa sababu madaktari hawakutosha, hasa mashambani. Kenya, pengo kama hilo lilikuwa limeshazibwa na klinikoo ofisa. Ndiyo maana huwezi kuchukua njia iliyovuma Marekani ukadhani hapa itakuwa na kazi ile ile. Shida ni tofauti.

Angalia Kijabe, hapo chini kidogo ukielekea Nairobi. Hospitali ya misheni pale imefundisha manesi kutoa nusukaputi. Hakuna aliyeamka akasema hiyo kozi inavuma. Wagonjwa walihitaji upasuaji na madaktari wa kuwalaza walikuwa wachache mno nchini.

Halafu kuna hadithi ya upande wa pili. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha mashine za hospitali, hospitali mbili kila kaunti. Mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vifaa vya upasuaji, vitanda vya wagonjwa mahututi. Mabilioni ya pesa. Miaka mitano baadaye kamati ya Seneti ilichunguza ikakuta mashine zingine zimekaa tu. Mahali pengine hakukuwa na stima au maji ya kutosha, pengine hakukuwa na watu waliosomea kuzitumia. Mashine zilifika kabla ya manesi.

Najua utaniambia pesa pia ni shida, na ni kweli. Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma karibu miezi mitano. Mwaka 2021 Kenya ikatia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya huko. Simlaumu yeyote aliyepanda ndege. Lakini soko la ng'ambo hubadilika wakiamua wao, si wewe. Ukichagua njia kwa sababu ya viza tu, siku viza ikigoma utabaki na mkopo wa sacco na kazi usiyoipenda.

Mimi nilichagua kozi kwa sababu watu walisema ina soko. Sikuwahi kuuliza ni kazi ya kumsaidia nani. Nilidumu mwaka mmoja na nusu.

Kwa hivyo nilimpa dada maswali matatu. Shida gani umeiona kwa macho yako ikakukosesha usingizi? Hospitali za karibu ziko na kitanda, mashine na nafasi ya hiyo kazi, ama utasoma halafu urudishwe wadi ile ile? Na ng'ambo ikifungwa kesho, bado utaitaka?

Alinyamaza kitambo. Kisha akasimulia kuhusu mama mmoja aliyejifungua salama, akaanza kuvuja damu. Waliizuia. Lakini alihitaji kitanda cha wagonjwa mahututi, na cha karibu kilikuwa kimejaa. Dada alikaa naye hadi asubuhi akihesabu pumzi zake, bila kujua afanye nini zaidi. Hakutuambia ilivyoisha, na mathe hakuuliza.

Jumatatu alipiga simu kwanza kuuliza kama kuna nafasi ya mtaalamu wa wagonjwa mahututi kaunti yetu. Alipojibiwa kwamba ipo, ndipo akatia alama. Ni njia ile ile marafiki zake walimwambia achague. Tofauti ni kwamba sasa anajua anaenda kusomea nini, na kwa ajili ya nani.