Mbegu Bora ya Mtu: Kutoka Mkonge wa Korogwe hadi Maabara ya Vinasaba

Kila ninapofundisha maadili ya sayansi, wanafunzi wangu hudhani kuwa kuboresha vinasaba vya binadamu ni habari ya filamu za Marekani au maabara za China. Mimi huwarudisha Korogwe.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyonusurika safari ni 62 tu, na kwa hiyo michache ukajengwa uchumi mzima wa Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua taasisi ya utafiti Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na Waingereza wakairithi. Kazi iliyoanzia Amani na kuendelezwa katika kituo cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934, ilizaa mkonge chotara namba 11648, ambao hutoa majani mengi mno kuliko mkonge wa kawaida kabla ya kuchomoza mlingoti na kufa. Ni ushindi wa sayansi, na sina sababu ya kuubeza. Hata hivyo, mkonge huo huo hushambuliwa sana na ugonjwa wa madoa ya majani ambao wataalamu wa kilimo wameupa jina la Korogwe. Aliyechagua wingi wa majani hakujua kuwa amechagua na udhaifu pamoja nao. (Katika mashamba hayo mkata mkonge naye aliitwa manamba, kwa sababu alitambulika kwa namba yake.)

Fikra kwamba binadamu naye anaweza kupimwa, kupangwa madaraja na kuchaguliwa kama mbegu haikuishia Ulaya. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari nchini Kenya. Aliyekuwa mbele ni Dkt. H. L. Gordon, tabibu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliyepima mafuvu ya Waafrika kwa maelfu. Mwenzake, F. W. Vint, alichunguza ubongo wa Waafrika wapatao 100 waliokwisha kufa, akadai kuwa gamba la ubongo wao ni jembamba kuliko la Mzungu kwa takriban asilimia 15. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1934 katika jarida la kitaaluma la Uingereza. Hapa nawaomba wanafunzi wasome polepole. Hawa hawakuwa wahuni wa mitaani, bali wasomi wenye mizani, rula na majedwali. Hitimisho lao lilifaa siasa ya siku zile: ikiwa ubongo wa Mwafrika una kikomo, basi shule yake nayo iwe na kikomo. Waliomba fedha London ili wapanue utafiti, wakanyimwa. Wakosoaji wao, Norman Leys miongoni mwao, walikwisha kuona mantiki hiyo inaelekea wapi.

Miaka 20 baadaye, uwanja ule ule wa Afrika Mashariki ulitoa jibu ambalo Gordon asingelipenda. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Akirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, huugua selimundu. Nakiri kazi hii naipenda, lakini haikosi doa: Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye kinasaba hicho na 15 wasio nacho. Kati ya wasio nacho 14 walionekana na vimelea; kati ya wenye nacho, wawili tu. Tunaambiwa walijitolea. Mkoloni alipoomba, Mwafrika wa mwaka 1953 alikuwa na nafasi gani ya kukataa?

Sasa chukua kinasaba hicho ukiweke katika tambarare za Korogwe, ambako kwa vizazi vingi mbu walimpokea mtoto kabla hajatambaa. Huko, nakala moja ilikuwa ngao. Kipandishe milimani Usambara, kwenye baridi na mbu wachache, ngao inakosa kazi. Kipeleke London, kinaandikwa katika orodha ya kasoro. Kinasaba ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa jopo la wataalamu linaweza kutuandikia orodha ya vinasaba bora vya binadamu. Orodha hiyo itaandikwa na mtu aliyekaa mahali fulani, akitazama watoto wa mahali pale.

Wanafunzi hodari hunibana: je, chanjo si kuboresha mwili? Ni swali zuri, na Korogwe inalo jibu lake. Watoto wa wilaya hiyo walikuwa miongoni mwa 15,459 walioshiriki jaribio la chanjo ya malaria RTS,S katika nchi saba za Afrika, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Chanjo inampa mtoto kinga bila kumrithisha mjukuu uamuzi ambao hakuulizwa. He Jiankui, aliyetangaza mwaka 2018 kuwa amehariri vinasaba vya mapacha wachanga nchini China, alivuka mpaka huo, na mahakama ya nchi yake ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu.

Kumponya mgonjwa aliye hai ni jambo jingine, nami naliunga mkono. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayohariri vinasaba vya seli za damu za mgonjwa mwenyewe. Haigusi kizazi chake. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, wakati Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mzazi wa kijijini Handeni ambaye mwanawe analia kwa maumivu ya mifupa hana mjadala wa kuboresha binadamu. Anahitaji mtoto apimwe mapema, haidroksiyurea ipatikane karibu, na damu iwepo hospitalini siku inapohitajika.

Watumishi wa wizara mnaonisoma, siku mwaliko wa kushiriki utafiti wa tiba hizi utakapoletwa mezani kwenu, tafuteni kwanza ukurasa unaoeleza bei ambayo Mtanzania atauziwa baada ya majaribio kwisha. Usipokuwamo, msitie saini.