Nani amekuwa akilipia ugali wa Nairobi?

Kuna video nilitupia mwezi jana, ile ya kulisha watu watano kwa soo mbili. Wengi wenu mliiona. Unga kilo moja 80, sukuma ya 40, omena ya 50, nyanya za 20, kitunguu cha 10. Hesabu imefunga, sufuria imejaa, na mimi natabasamu kwa kamera kama mtu ametatua shida ya taifa.

Mathe aliitazama mara moja tu. Akanirudishia simu, akauliza, "Na makaa?"

Nikanyamaza.

"Na mafuta? Na chumvi? Maji ulichota wapi? Na hiyo omena, nani aliitoa mchanga akaiosha na maji moto? Si ni mimi, nikiwa nimetoka kazi?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilinikaa kichwani hadi nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba sikuwa wa kwanza kupiga hesabu ya chakula na kuacha vitu nje. Huu mji umekuwa ukifanya hivyo tangu uanze.

Kwanza tuongee kuhusu ugali wenyewe. Kila mara bei ya unga ikipanda na watu wakilalamika, hakosi mtu wa kusema mababu zetu walikula ugali na hawakulia. Sawa, walikula. Ila haukuwa huu. Watu wengi wa bara walisonga wa mtama, wa wimbi, wa mawele. Mahindi ni mgeni. Asili yake ni Mexico, yakafika pwani yetu enzi za Wareno miaka ya 1500, na jina tuliloyapa linaelekeza India, kumaanisha hata waliolitunga hawakujua yametoka wapi. Kwa miaka mingi yakawa zao la kando tu, la kuchoma ukingoja chakula kamili.

Kilichoyapandisha cheo ni kazi ya mzungu. Walowezi walipochukua ardhi ya Bonde la Ufa mwanzo wa karne ya 20, walipanda mahindi meupe kwa wingi, mengine ya kuuza nje na mengine ya kulisha watu wao wa kazi. Mfanyakazi alipimiwa unga, na kipimo hicho kikaitwa posho. Ukienda Uganda leo ukiitisha posho hotelini utaletewa ugali. Jina la mgao limebaki kuwa jina la chakula.

Mahindi yalikuwa pia na faida zake, tusidanganyane. Mtama unasimama wazi, ndege wanaukula mchana kutwa, kwa hivyo lazima watoto wakae shambani kuwafukuza. Hindi limejifunga kwa maganda yake. Watoto wakianza kwenda shule, mama anayelima peke yake anachagua nini? Mimi siwezi kumlaumu.

Sasa angalia hiyo posho vizuri. Ilikuwa ya mtu mmoja. Haikumhesabu mke wala mtoto, na mshahara ulifuata mkondo huohuo. Kuanzia 1901 serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa pesa, kwa hivyo mwanamume akatoka nyumbani kuitafuta. Baada ya Vita vya Kwanza akavishwa kipande shingoni. Akifika Nairobi alilipwa kama mtu anayelala kitanda kimoja na kula sahani moja, kwa sababu mwajiri alishasema moyoni kwamba familia yake iko shambani inajilisha. Hata nyumba zilipangwa hivyo, nyingi zikihesabiwa kwa vitanda. Kaloleni ya miaka ya 1940, yenye nyumba za familia, ilikuwa kama ajabu.

Kwa hivyo mtu akikuambia zamani mshahara ulitosha, muulize: ulitosha nani?

Kuka yangu alikuja mjini mwisho wa miaka ya 1950, akafanya kazi reli, akakaa Muthurwa kwenye landhi pamoja na wanaume wengine wa kwao. Kukhu alibaki Butere. Sikuwahi kumkuta kuka, lakini kukhu yuko, na Desemba iliyopita nilimuuliza jinsi walivyokula kwa mshahara wa reli. Alinicheka kwanza. Akasema pesa ya reli haikuwahi kuwa ya chakula. Ilikuwa ya kodi, ya karo, ya mabati, na kidogo ya sukari. Chakula kilitoka mikononi mwake: wimbi, kunde, mrenda, maharagwe. Tena si hivyo tu. Mtu wa kwao akipanda gari la moshi kurudi Nairobi, kukhu alimpa mfuko ampelekee mumewe.

Hebu rudia hiyo. Mtu ameajiriwa na reli, kampuni kubwa kuliko zote nchini wakati huo, na mke wake aliye umbali wa usiku mzima wa treni ndiye anamtumia chakula. Nani alikuwa anamlipa nani hapo?

Wafanyakazi waliijua hii hesabu. Januari 1947 Mombasa ilisimama, mgomo wa jumla, kuanzia bandarini hadi hotelini, na mtu aliyetokea kuuongoza muungano wao ni Chege Kibachia. Baadaye mwaka huo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mei 1950 ikawa zamu ya Nairobi, baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Shuleni tulifundishwa haya kama hatua za kudai uhuru, na ni kweli, lakini ukisoma yaliyokuwa yakidaiwa unakuta mishahara na gharama ya maisha. Unakuta sufuria.

Ndipo mwaka wa 1954 kamati ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika, ikakubali kwamba mshahara ulikuwa ukipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia, na ikapendekeza usogezwe polepole hadi utoshe mtu na mke na watoto. Nairobi ilianza 1899. Ilichukua miaka 55 mtu wa serikali kuandika kwamba mfanyakazi ana watoto. Na neno lililotumika ni polepole.

Baada ya uhuru familia zilihamia mjini. Mathe alizaliwa kijijini lakini akalelewa Nairobi, na hapo ndipo shida ilipobadilika sura. Mshahara bado mwembamba, lakini yule mama wa shamba sasa yuko kwa chumba kimoja, hana shamba. Lazima anunue kila kitu. Hii ndiyo nchi ya sukuma wiki.

Jina lake lenyewe limekuambia kazi yake: isukume wiki, ifike mwisho. Hiyo mboga si ya kina kukhu, wao walikuwa na mrenda na saga na managu. Ni jamaa ya kabeji, mbegu zake zilikuja na Wazungu. Ila ina tabia moja ya ajabu, unachuma majani ya chini na juu inaendelea kumea, miezi na miezi. Inamea kando ya mto, nyuma ya choo, ndani ya gunia lililojazwa udongo. Ukiikatakata nyembamba kabisa inaonekana nyingi. Kila mama mboga wa Nairobi ana kile kisu na ule mkono usioangalia kinachokatwa, na anakukatia bure, na hiyo nayo ni dakika kumi zako ambazo yeye amezilipa.

Mboga za kina kukhu nazo zilidharauliwa, zikaitwa za watu wa mashambani. Kisha wanasayansi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wakatumia miaka mingi kuonyesha jinsi zilivyo na lishe, na tukaanza kuziheshimu tena. Safi sana. Lakini siku hizi fungu la managu mtaani kwetu linashinda la sukuma kwa bei. Chakula cha maskini kikisifiwa, maskini hakioni tena.

Rudi kwa unga. Mwaka wa 1964 Kitale wakatoa mbegu ya H611, na mahindi yakaenea hadi mashamba madogo kabisa. Kukhu anasema wimbi ilianza kuhesabiwa kwa konzi wakati huo. Kufikia miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa imeegemea nguzo moja, na 1984 mvua ikakosa. Serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka Marekani. Waulize wazazi wako kuhusu yale mahindi, utaona uso unavyojikunja hadi leo. Ukambani ile njaa waliipa jina nikw'a ngwete, nakufa nikiwa nazo mkononi. Pesa, yaani. Watu walikuwa na pesa na dukani hakukuwa na cha kununua.

Kwetu sisi ni kinyume, duka limejaa na mkono ndio mtupu. Hadi 1993 bei ya mahindi iliwekwa na serikali, na ulihitaji kibali kuyasafirisha kutoka wilaya moja hadi nyingine. Soko lilipofunguliwa mathe alikuwa msichana mkubwa, na anakumbuka vile visiagi vidogo vilivyotokea kila kona ya mtaa. Unanunua gorogoro ya mahindi, unasagiwa hapohapo na maganda yake, rahisi kuliko pakiti. Watu walikuwa wanaona aibu kidogo kula unga usio mweupe. Sasa huohuo unauzwa supamaketi kama chakula cha wanaojali afya, na bei imevaa koti.

Tangu wakati huo bei ni ya soko, isipokuwa msimu fulani. Mwaka 2011 watu waliandamana kwa sababu ya unga, na kukawa na kampeni iliyoitwa mapinduzi ya unga. Mei 2017 serikali ikateremsha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 90. Julai 2022, pakiti ikiwa imepita 200, ikateremshwa tena hadi 100. Sasa soma hizo tarehe tena ukikumbuka uchaguzi ulikuwa mwezi gani. Agosti, Agosti. Baada ya hapo pakiti ikarudi juu kama kawaida, na aliyebaki na pengo la kuziba ni yuleyule.

Nataka nieleze anavyoliziba, kwa sababu ndiko video yangu ilikodanganya. Jumamosi mathe anaamka saa kumi usiku, anapanda matatu hadi Marikiti kabla malori hayajamaliza kushusha. Ananunua na mama wawili wa ploti yetu, wanagawana kreti ya nyanya, kwa sababu mmoja peke yake zingemwozea. Anachagua zilizo ngumu za mwisho wa wiki na zilizoiva za leo. Jumapili anachemsha maharagwe na mahindi ya githeri kwa jiko moja, yote ya wiki, kwa sababu kuwasha makaa mara tano kwa kitu kinachochukua masaa matatu ni kuchoma pesa. Majivu yakiwa bado moto anaweka maji ya kuoga juu yake. Gesi tunayo, mtungi wa kilo sita, lakini hiyo ni ya chai na ya dharura, na mimi nimewahi kupigiwa kelele kwa kuchemshia mayai.

Hakuna hata moja ya hizo iliyo kwenye risiti. Ukimlipa kwa saa, hata kwa bei ya kibarua wa mjengo, ile sahani ya shilingi 40 inakuwa ya mia mbili na zaidi. Iko rahisi kwa sababu yeye hajitozi. Kama vile kukhu hakuwatoza reli.

Kwa hivyo mkiona watu wa ushauri wa pesa wakisema wacha kununua chakula nje, pika nyumbani, utaokoa (na mimi nimo, nimesema hayo mara ngapi), mjue kuna swali wameruka. Atapika nani, saa ngapi, akiwa ametoka wapi? Mimi bado napenda chakula cha nyumbani, siwezi kulinganisha githeri ya mathe na chochote cha kibandani. Lakini nilikiita rahisi nikiwa nimekaa, yeye amesimama.

Nimeitoa ile video. Nimerekodi nyingine, na safari hii mathe alikaa kando ya kamera akinisomea bei na mimi naandika ukutani kwa chaki: makaa nusu mkebe 40, mafuta ya kupima 30, maji mtungi mmoja 10, nauli ya Marikiti tukaigawanya kwa siku saba na kwa mama watatu, na masaa yake, ambayo alikataa kuyapa bei kwa hivyo nikayaandika kama masaa. Tukafika 280 kabla hata ya nauli. Nilidhani tumemaliza. Nikainua sufuria, nikageukia kamera.

"Kiberiti," akasema.

Nikaandika kiberiti.