Kumbe uchafu unavunja jozi!

Jamani, leo nimeshindwa. Wiki iliyopita nilimbishia mwenzangu wa chumba mpaka akanyamaza: uchafu usio na sumaku hauvunji jozi za elektroni! Si Philip Anderson alishaonyesha mwaka 1959? Kweli, ila kwenye superkondakta za kawaida.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zürich, walitia bariamu kwenye oksidi ya lanthanamu na shaba. Bila bariamu haipitishi umeme. Wao ukinzani ukaanza kuporomoka kwenye kelvini 30 hivi. Sasa toa shaba kidogo, weka zinki: jozi zinavunjika, na zinki haina sumaku! Jozi zile ni chanya upande huu, hasi upande ule. Elektroni ikigonga zinki inatupwa kwenye alama nyingine.

Bado sijamwambia.