Shahada Zilizotoka Gombe

Julai 1960, Jane Goodall aliposhuka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika huko Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, hakuwa na shahada yoyote. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akivua mchwa kichuguuni kwa kijiti, na mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampokea kusomea uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza. Huko alikosolewa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Msimamizi wake, Robert Hinde, alimnoa katika kujenga hoja, lakini majina hayakuondoka. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kipaji cha mtu mmoja. Mimi nakisoma vingine: kilichomtofautisha na wasomi wenzake ni mambo aliyokuwa ameyatazama kwa muda mrefu kuliko wao, na baada ya miaka ya mwanzo kutazama huko kukawa kazi ya wengi, wengi wao wakiwa wenyeji wa mwambao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi walifika Gombe kutoka Stanford na kwingineko. Waliingia msituni pamoja na Watanzania waliojua kila bonde. Kazi yenyewe ilikuwa kuwahi chini ya kiota kabla ya mapambazuko, kisha kumfuata sokwe mmoja mchana kutwa hadi ajenge kiota kingine jioni, ukiandika amekula nini na amekuwa na nani. Januari 1974 aliyeshuhudia madume wa kundi la sokwe la Kasakela wakimshambulia Godi, dume wa kundi la Kahama, mwanzo wa vita vya miaka minne kati ya makundi hayo, alikuwa Hilali Matama, mfanyakazi Mtanzania. Usiku wa 19 Mei 1975 waasi wa Laurent Kabila walivuka ziwa kutoka Zaire wakateka wanafunzi wanne. Wote waliachiwa baadaye, ila wanafunzi wa kigeni waliondoka. Kumbukumbu hazikukatika: Sniff, dume wa mwisho wa Kahama, aliposhambuliwa mwaka 1977, habari zake ziliandikwa na Watanzania.

Atakayebisha atasema shahada hutolewa kwa uchambuzi, si kwa kujaza karatasi. Ana hoja: bila swali, karatasi hizo ni orodha ya matunda tu. Lakini kuamua kama tendo la sokwe lilikuwa shambulio au vitisho tu hufanyika palepale kichakani, kwa nukta chache, na profesa aliye mbali hawezi kuamua kwa niaba ya aliyepo. Huo nao ni uchambuzi, na tasnifu nyingi zimesimama juu yake. Wapo watakaosema mshahara wa Watanzania hao ulitosha kuwa shukrani. Hapo sikubaliani nao, kwa maana njia ya shahada haikuwa wazi kwao. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli kutoka Kigoma, na kilidai vyeti. Cambridge ilimsamehe Goodall shahada ya kwanza. Aliyetoka kijiji cha wavuvi, hata awatambue sokwe wote kwa sura, hakuwa na mlango wa namna hiyo wa kubisha.